SIKU 28 ZA KAYE NA SIKU ZA MWILI

Somo la afya, kwa wasichana na kwa wavulana pia



Katika sanduku la maulizo lenye liko karibu na mulango wa biblioteki tulipata vikaratasi vingi katika trimestri hii. Vingine vilikuwa juu ya exetat, vingine juu ya maharagi ya internati (hivyo tulimupelekea prefe). Lakini tisa vilikuwa juu ya jambo moja tu: mwezi wa wanawake. Vinne kati ya hivyo ninafikiri viliandikwa na wavulana, kufuatana na maandishi, na kufuatana na makosa. Waandishi wa gazeti letu waliniomba nijibu. Zamani ningewaambia: muende mukasome kaye zenu za biolojia. Leo siwezi tena kujibu vile, na sababu ni hii.

Mbele ya kuja hapa nilifundisha katika masomo mengine. Katika mwaka wa tano kulikuwa musichana mumoja mwenye akili sana. Katika interogasio juu ya mwezi wa mwanamuke alipata 18 juu ya 20. Alichora vizuri: siku 28, yai linatoka siku ya 14, mishale yote mahali pake. Nilimuandikia «vizuri sana» kwa bic nyekundu. Miezi sita nyuma ya pale aliacha masomo juu ya mimba. Siku moja nilienda kumusalimia kwao. Alinipa kiti, akaniambia bila kasirani: «Mwalimu, nilihesabu kama vile ulitufundisha.»

Mutaniambia kwamba kosa la kwanza lilikuwa lingine. Ndiyo, na muchungaji wetu anafundisha juu ya hilo kila juma. Lakini yule kijana mwenye alimupa mimba aliendelea na masomo yake bila shida, na mimi nilikuwa na kosa langu mwenyewe: nilifundisha picha bila kusema kwamba ni picha tu. Basi leo ninalifundisha tena lile somo, na mara hii katika Kiswahili. Katika klasi tunayasoma haya kwa Kifaransa, tunayaandika, tunapata pointi zetu. Tukifika nyumbani, mama anasema Kiswahili, ao Mashi, ao Kinande, na hapo hatuna hata neno moja la kumuuliza.

Mwili unaanza lini?

Kwa musichana mabadiliko yanaanza mara nyingi kati ya miaka 8 na 13. Kwanza ni matiti. Chini ya chuchu kunatokea kama kidonge kidogo, mara nyingi upande mumoja mbele ya ule mwingine, na kikiguswa kinauma. Si ugonjwa. Nyuma yake zinakuja nywele za makwapa na za sehemu za siri, vipele vya uso, jasho lenye harufu ya watu wakubwa. Nyonga zinapanuka. Anarefuka haraka: kuna mwaka wenye wasichana wanawapita wavulana wa klasi yao kwa urefu, na wavulana hawapendi ile mambo hata kidogo. Miezi kidogo mbele ya damu ya kwanza, musichana anaweza kuona ute mweupe katika nguo ya ndani. Kama hauwashi na hauna harufu mbaya, ni mwili unajitayarisha.

Damu ya kwanza inakuja karibu miaka 2 ao zaidi kidogo nyuma ya matiti kuanza. Wengi wanaiona kati ya miaka 10 na 15. Basi mwenye umri wa miaka 11 mwenye ameiona hakufanya kitu kibaya, na mwenye miaka 14 mwenye bado hajaiona si tasa. Kikaratasi kimoja kiliuliza kama damu ya mapema inaonyesha kwamba musichana «alijua wanaume». Hapana. Amri ya kuanza inatoka katika ubongo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya haragi, jina lake ipofizi. Hiyo inatuma ujumbe ndani ya damu mupaka kwenye ovari mbili zenye ziko pande mbili za tumbo la uzazi. Hakuna mwanaume ndani ya hiyo habari.

Ni kitu gani kinapita ndani?

Musichana anazaliwa na mayai yake yote, zaidi ya milioni moja. Mengi yanakufa polepole, na wakati anaanza kukomaa yamebaki karibu 300,000 ao 400,000. Katika maisha yote ni karibu 400 tu yenye yatatoka. Yai moja ni dogo kuliko alama ya ncha ya bic kwenye karatasi.

Kila mara, katika ovari, mayai machache yanaanza kukomaa, na kwa kawaida moja linashinda. Wakati linakomaa, ovari inatoa dawa ya mwili yenye jina estrojeni, na hiyo inaamuru tumbo la uzazi litandike ndani yake kitanda laini cha damu na nyama. Yai likiisha kutoka, mahali pale lilitoka panaanza kutoa dawa ya pili, projesteroni, yenye kukilinda kile kitanda. Kama yai limekutana na mbegu ya mwanaume, mutoto analala pale. Kama halikukutana, ile dawa ya pili inashuka, kitanda kinavunjika na kinatoka. Hiyo njo damu ya mwezi. Mwili unatandika kitanda kingine, bila kuchoka, mupaka mama anafika karibu miaka 50.

Damu yenyewe si nyingi kama inavyoonekana kwenye nguo. Kwa wengi ni mililita 30 ao 40 kwa siku zote pamoja, maana yake vijiko vya chai 6 mupaka 8. Inadumu siku 2 mupaka 7.

Sasa, hesabu

Hapa ninataka kukaa muda mrefu, na ninaomba mukamate bic.

Jambo la kwanza: siku ya 1 ni siku yenye damu inaanza. Si siku yenye inakatika. Katika vile vikaratasi tisa, vitatu vilihesabu tangu siku damu inakwisha, na mutu mwenye anaanza vile amekwisha kukosa kwa siku 4 ao 5 mbele ya kuandika tarakimu ya pili. Mwezi mumoja wa mwanamuke ni kutoka siku ya 1 ya damu hii mupaka siku moja mbele ya damu yenye kufuata.

Jambo la pili: neno letu «mwezi» linatudanganya kidogo. Mwezi wa kalenda una siku 28 mupaka 31. Mwezi wa mbinguni una siku 29 na nusu. Mwezi wa mwanamuke una siku zake yeye. Kwa mama mwenye amekomaa, siku 21 mupaka 35 ni kawaida. Kwa musichana, katika miaka ya kwanza, ni siku 21 mupaka 45, na zinaweza kubadilika: mara hii 26, mara yenye kufuata 40, kisha 31. Siku 28 zenye ziko katika kaye ni namba ya katikati yenye walimu wanachagua sababu inagawanyika vizuri kwa mbili na inaenea kwenye tablo.

Jambo la tatu njo lile sikulifundisha. Mwezi una vipande viwili. Kipande cha kwanza, kutoka damu mupaka yai kutoka, kinaweza kuvutika kama mpira: siku 10, siku 14, siku 25. Kipande cha pili, kutoka yai mupaka damu yenye kufuata, hakivutiki sana: karibu siku 14, kwa wengi kati ya 12 na 16. Munganga mumoja wa Japani, Ogino Kyusaku, alitangaza jambo hili katika mwaka wa 1924. Miaka kidogo nyuma yake munganga Hermann Knaus wa Austria aliona vilevile kwa njia yake. Watu wengi kwetu wanasema «nafanya Ogino» bila kujua kwamba Ogino ni mutu, na bila kujua kitu chenye alisema. Hakusema kwamba yai linatoka siku 14 nyuma ya damu. Alisema kwamba linatoka karibu siku 14 MBELE ya damu yenye kufuata.

Muone tofauti. Kama mwezi una siku 28, namna zote mbili zinatoa siku ya 14, na ndiyo maana picha ya kaye haionyeshi kosa. Lakini kama mwezi una siku 35, yai linatoka karibu siku ya 21. Kama una siku 24, ni karibu siku ya 10. Yule musichana wangu alikuwa na miezi mirefu. Alijilinda siku ya 13, ya 14 na ya 15, halafu akafikiri kwamba hatari imepita. Ilikuwa bado kufika.

Tena, ili kuhesabu kwa kurudi nyuma, lazima ujue siku yenye damu itakuja. Na hiyo siku haijafika! Nani atakuambia? Unaweza tu kukisia kufuatana na miezi yenye imepita.

Jambo la ine: yai linaishi saa 12 mupaka 24 tu, lakini mbegu ya mwanaume inaweza kuishi ndani ya mwanamuke mupaka siku 5, inangojea. Kwa hiyo siku zenye mimba inaweza kuingia ni karibu 6: zile 5 mbele ya yai, na siku ya yai yenyewe. Mwenye miezi mifupi anaweza kupata mimba kwa tendo lenye lilifanyika siku za mwisho za damu. Hilo linajibu kikaratasi chenye kilisema «siku za damu hakuna hatari».

Sasa tufanye zoezi. Wanganga wenye wanafundisha kalenda kwa watu wa ndoa wanasema hivi: andika miezi yako, angalau 6, vizuri zaidi 12. Kamata mwezi mufupi kuliko yote, utoshe 18: ni siku ya kwanza ya hatari. Kamata mwezi murefu kuliko yote, utoshe 11: ni siku ya mwisho ya hatari. Tumukamate musichana wa mwaka wa ine mwenye miezi yake ilikuwa kati ya siku 24 na siku 38. Si ajabu katika umri wake.

24 – 18 = 6
38 – 11 = 27

Hatari inaanza siku ya 6 na inakwisha siku ya 27. Ni siku 22. Ukitosha zile na siku za damu, ni nini inabaki? Hesabu yenyewe inamuambia kwamba kwake yeye hakuna hesabu. Na ile mikufu ya shanga za rangi yenye munaona katika vituo vya afya? Iliwekwa kwa wamama wenye miezi yao iko kati ya siku 26 na 32, wenye wanaisimamia pamoja na waume wao. Haikuwekwa kwa mutoto wa internati.

Basi kijana akikuambia «usiogope, ninajua kuhesabu», umupe bic na karatasi, umuulize mwezi wako una siku ngapi. Hajui. Wewe mwenyewe bado hujui.

Neno moja tena juu ya hilo. Yai la kwanza linaweza kutoka mbele ya damu ya kwanza. Si mara nyingi, lakini inawezekana. Mwenye hajaona mwezi hata mara moja hayuko na kinga.

Kwa nini basi kuandika tarehe? Kwa sababu zingine, na ni nzuri. Utajua juma lenye unapaswa kubeba kitambaa ndani ya saki. Utajua kama damu itaangukia siku za mutihani. Na siku utaenda kwa munganga, ulizo lake la kwanza litakuwa tarehe ya damu ya mwisho. Weka msalaba mudogo kwenye kalenda. Mwenye kuangalia atafikiri ni siku za maombi.

Vitambaa, maumivu, chakula

Kitambaa cha pamba safi kinafanya kazi vizuri sawa na vile vya duka, kama kinaangaliwa. Kibadilishe kila saa 4 mupaka 6. Kifue kwanza katika maji baridi, kisha na sabuni, na kianikwe kwenye jua. Hapa ninawajua: munavificha chini ya matela, vikiwa bado na unyevu, juu ya haya. Kitambaa chenye hakikukauka kinaleta kuwashwa na ugonjwa. Wakati wa mvua, mukikunje katika kikwembe, mukipitishe kwenye pasi ya makaa pande zote mbili. Musitumie karatasi ya kaye wala sponji ya matela. Kujiosha ni kwa maji safi, inje tu. Ndani musitie sabuni, wala ndimu, wala majani yenye nyanya alisema.

Maumivu ya tumbo yanatoka katika tumbo la uzazi lenyewe: linajikaza ili kusukuma kile kitanda. Dawa ya minyoo haisaidii, na ninajua watatu wenye waliimeza mwaka huu. Maji ya moto katika chupa yenye imefungwa vizuri, juu ya tumbo, yanasaidia. Kutembea kunasaidia. Paracetamol ao ibuprofen zinasaidia, lakini ibuprofen inakamatwa nyuma ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo asiiguse. Ombeni kwa muuguzi wetu, si kwa mwenye kuuza dawa barabarani.

Damu yenye inatoka inabeba madini ya chuma. Sambaza, nyama, maharagi, sombe na lengalenga vinayarudisha. Chungwa ao ndimu pamoja na chakula inasaidia mwili kuyakamata. Chai kali pamoja na chakula inazuia. Wa internati, chai yenu muikunywe saa moja nyuma.

Ulizo la chumvi: mwanamuke mwenye yuko mwezini akitia chumvi ndani ya chungu, chakula hakiharibiki. Akipita katika shamba la karanga, karanga haziozi. Ninapika kila siku ya mwezi, na bwana yangu hajawahi kujua ni siku gani.

Je, ni uchafu?

Kikaratasi kimoja kilitaja Mambo ya Walawi 15, na mwenye kukiandika aliuliza kama musichana mwezini anaweza kuimba katika kwaya. Ninamushukuru, ni ulizo la mutu mwenye anasoma. Lakini asome ile sura tangu mwanzo. Mistari 18 ya kwanza ni juu ya wanaume na vile vyenye vinatoka katika mwili wao. Wao pia walioga na kungojea mupaka jioni. Mwanamuke anakuja tu nyuma. Sijasikia bado mutu mwenye kuwaondosha wavulana katika kwaya juu ya ile nusu ya kwanza. Kisha asome Marko 5, yule mwanamuke mwenye damu ilitoka miaka 12. Kufuatana na sheria hakupaswa kugusa mutu. Aligusa vazi la Yesu katikati ya watu wengi, na Yesu hakumufukuza. Alimuita kama mutoto wake, mbele ya wote. Waje kuimba.

Juu ya wavulana ninaeleza habari moja, na ni juu yangu pia. Mwaka huu nilimuita musichana kwenye tablo. Alikatala. Nikamuita mara ya pili, akaangalia chini. Niliandika sifuri. Wavulana wa banki ya nyuma walianza kucheka polepole, na hapo tu nilifahamu, juu ya wao walikuwa wameona mbele yangu. Rafiki yake alimufunga pulovere kiunoni, wakatoka pamoja. Kesho yake nilifuta sifuri. Lakini alikosa siku tatu, na katika zile siku tatu tulimaliza sura moja ya kemia. Tangu siku ile, musichana akiniambia «Mwalimu, siwezi kusimama», ninamuita mwingine. Ninaomba walimu wenzangu wafanye vile, bila kuuliza sababu mbele ya klasi. Na ninyi wa banki ya nyuma, mama zenu wote walipitia pale.

Wakati wa kumuona munganga

Kama umefika miaka 13 na matiti hayajaanza, ao miaka 15 na damu haijaonekana. Kama damu inapita siku 7, ao inajaza kitambaa kila saa. Kama imekatika miezi 3, hata kama unajua kwamba si mimba. Kama maumivu yanakulaza kila mwezi hata na dawa. Kama unaona kizunguzungu, na viganja na midomo vimekuwa vyeupe. Kama ute una harufu mbaya ao unawasha. Usingojee likizo. Muuguzi wetu iko kwenye dispanseri kila siku ya masomo, na hatamuambia prefe.

Mama wa internati amekata kalenda ndogo za karatasi, moja kwa kila musichana. Wenye wanatoka nyumbani wazikamate kwangu, nyuma ya saa ya mwisho. Vikaratasi viwili vya wavulana, juu ya sauti yenye inakatika na juu ya ndoto za usiku, vitajibiwa na mwalimu wa mazoezi ya mwili katika namba yenye kufuata.